Mkate Tuliouogopa

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, ziwa limetulia na vumbi la barabara ya Kazimia limefunika majani yote ya mihogo, makanisa mawili ya kijiji hiki yalipokaa kwenye meza moja ili yawe kanisa moja. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa. Leo meno yangu yamebaki ya kuhesabika, na wiki hii mmenijia wewe na wenzako wa kamati kuniambia kwamba makanisa hayo hayo yanajiandaa kuungana, na kwamba siku hiyo mnataka niketi mbele, nimevaa kikwembe kipya, watu wapige picha. Nilinyamaza, mkadhani nimefurahi. Sikufurahi. Nimekuita peke yako nikueleze kwa nini, na tafadhali usinikatize, maana siku hizi nikikatizwa naanza upya na utachelewa kurudi nyumbani.

Kanisa letu liko upande wa mlima, kwa hiyo tunaliita la Juu. Lile la wenzetu liko karibu na ziwa, tunaliita la Chini. Katikati kuna kijito ambacho kiangazi hata bata hawezi kuogelea humo. Zamani lilikuwa kanisa moja, likapasuka kwa sababu ya wachungaji wawili waliotaka kiti kimoja, na kila mmoja akaondoka na ndugu zake, ngoma zake na rafiki zake. Wale wachungaji walikufa wote wawili. Sisi tulioachwa tuliendelea na ugomvi wao kwa bidii kuliko wenyewe. Biblia yetu ni ile ile na nyimbo ni zile zile, hata mahali tunapokosea kuimba ni pale pale. Ukiniuliza tofauti ya mafundisho yetu, nitakutungia uongo tu.

Dada yangu mkubwa, Rebeka, aliolewa kule Chini. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa la Juu, mchonga mitumbwi, mtu asiye na maneno mengi, na ndoa ile aliikubali bila furaha lakini bila fujo. Mambo yakaenda vizuri mpaka kaka yetu Alimasi alipoenda kumtembelea dada. Alikula kwake bukari ya unga wa mihogo na samaki wadogo wa ndakala, akarudi jioni ameshika tumbo, na kabla ya Jumapili tukamzika. Mwaka ule kuhara kulipita katika nyumba nyingi kando ya ziwa, za Juu na za Chini, na mashimo ya makaburi yalichimbwa pande zote mbili. Lakini pale kwenye matanga mtu mmoja alitamka neno sumu. Unakujua kwetu, mwanangu. Neno hilo likishatoka mdomoni, hakuna anayeuliza tena ugonjwa ulikuwa gani.

Baba hakumshtaki Rebeka, wala hakulitaja jina lake. Aliacha tu kula kitu chochote kilichotoka mkononi mwake. Rebeka akija kutusalimu na samaki, baba alishukuru, akaongea naye kidogo habari za watoto, na alipoondoka samaki walifukiwa nyuma ya nyumba. Rebeka hakuwa mjinga. Akapunguza kuja, mwisho akaacha. Mimi niliendelea kwenda kwake na kula kwake, na baba alijua, lakini hakuniuliza kitu. Nadhani alikuwa ananitazama kama nitarudi mzima.

Kiangazi kile wachungaji wapya wa pande zote mbili, vijana waliosoma pamoja Uvira, walisema imetosha. Wakaanza maandalizi, na kwa kweli yalikuwa mazuri, sikudanganyi. Korali mbili zilifanya mazoezi pamoja, leo huku, kesho kule. Wanaume walifyeka njia ya kijitoni wakaweka miti ya kuvukia. Bamama wakakaa kupanga Meza ya Bwana ya siku ya kuungana, wakakubaliana kwamba maji ya matunda ya marakuja ya kikombe yatoke Juu na mkate utoke Chini, ili kila upande uwe umeweka mkono wake. Kule Chini aliyejua kuoka mkate vizuri alikuwa mmoja tu. Alikuwa amejifunza mjini Baraka kabla ya kuolewa. Ndiye Rebeka.

Nilikuwa kwake siku alipopaka tanuru udongo mpya. Alikuwa amefunga, hajala tangu jana yake, na mikono yake ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko. Aliniuliza bila kunitazama, "Unazani baba atakula?"

Nikamwambia, "Atakula. Ile ni meza ya Mungu, haiko meza yako."

Akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. Watu wengine walikuwa wanaandaa muungano wa makanisa, mwanangu, lakini dada yangu alikuwa anaoka mkate ili baba yake ale. Hilo tu. Baba akishakula mbele ya watu wote, nyumba yetu ingemfunguka tena, watoto wake wangekuja kulala kwetu, na yeye angemlilia Alimasi pamoja na sisi, kwa sababu hata msiba wa ndugu yake mwenyewe alikuwa ameulilia peke yake.

Sasa nikukumbushe desturi yetu, maana ninyi mnaikosea siku hizi. Kwetu mtu akikupa pombe ya ndizi, au maji, au chakula mahali pasipo na mazoea, anaonja yeye kwanza, halafu anakupa. Anafanya hivyo mwenyewe bila kuombwa, na ni adabu. Anakuambia, kunywa kwa amani, niko pamoja nawe. Lakini wewe mgeni ukimwomba aonje, umemwita mchawi. Wanaume wamepelekana lubunga, kwenye kibanda cha baraza la wazee, kwa neno hilo tu, na wamelipishana mbuzi. Kwenye Meza ya Bwana, hata hivyo, hakuna anayeonja. Mkate unafika mzima, unaombewa, unamegwa, wote wanakula. Kwa hiyo Rebeka alipouleta, hakuuonja. Angeuonjaje?

Alikuja nao kwenye sinia, umefunikwa kitambaa cheupe, akitembea katikati ya kanisa huku korali zote mbili zikiimba. Wazee wa pande zote walikuwa wameketi mbele, wamechanganyika, na baba yangu alikuwa wa mwisho kulia. Rebeka akaliweka sinia mezani. Mchungaji wa Juu akaondoa kitambaa, akainua mikono aombe. Ndipo baba akasimama.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti yake ya kuomba shoka, "Aonje kwanza."

Korali zikanyamaza, kwanza yetu, halafu yao. Mchungaji wa Chini alifungua mdomo akaufunga. Mchungaji wa Juu alitazama miguu yake, na hili, mwanangu, ndilo linaloniuma hadi leo kuliko hata neno la baba. Mkate ulikuwa mbele yake. Mikono yake ilikuwa tayari juu. Alichotakiwa ni kumega na kutia mdomoni mwake yeye, na jambo lingekwisha. Alitazama miguu yake. Watu wote wa Juu walinyamaza, na ukimya ule haukuwa wa aibu peke yake. Walikuwa wanangoja waone.

Rebeka akamtazama baba. Sikuona hasira usoni kwake, ningalifurahi ningaliiona. Akamega kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Kwa kuwa alikuwa amefunga, mdomo ulikuwa mkavu na mkate haukushuka upesi, ikabidi atafune muda mrefu mbele yetu sote, kanisa zima likitazama shingo yake. Alipomeza alibaki amesimama pale ili tuone kwamba haanguki. Halafu akasema, "Kuleni sasa. Siko mufu."

Baba akala. Kila mtu akala. Maombi yakaombwa, wimbo ukaimbwa mpaka mwisho, na kama ungepita barabarani ukitoka Baraka ungesema kweli hawa watu wameungana. Lakini Rebeka hakuketi. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na bamama wa Chini wakamfuata kimya kimya, halafu waume zao. Hakuna aliyetukana mtu. Jumapili iliyofuata ringi ya gari tunayogonga kama kengele iligongwa kwetu, na ya kwao ikagongwa kwao, saa ile ile. Hakuna mkutano ulioitishwa, hakuna aliyetangaza kitu. Mvua ya kwanza ilichukua miti ya kuvukia kijito na hakuna aliyeirudisha.

Mtu mmoja tu alimkemea baba. Alikuwa mama yake mzazi, tuliyemwita Tate, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na ambaye siku ile alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Hakusema kitu kanisani. Tulirudi nyumbani, mama akapika bukari na majani ya sombe, akaweka mbele ya baba. Tate akajikokota mpaka pale, akaingiza mkono kwenye sahani ya mwanawe, akamega, akachovya, akala. Baba akamtazama.

Tate akamwambia, "Nangoja nione kama niko nakufa. Muke yako ndiye amepika. Unamujua?"

Baba akasema, "Mama, basi."

"Haiko basi. Umeogopa mutoto wako ku meza ya Mungu. Basi uogope na mi mama yako, na muke yako, na hawa bote. Sasa kula, mi siko mufu."

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake akafanya vile vile, na keshokutwa. Kila chakula cha baba, asubuhi chai, jioni bukari, Tate alikuja akaonja kwanza, akangoja kidogo, halafu akasema, kula. Wageni wakiwepo alifanya, wazee wa kanisa wakiwepo alifanya. Hakumhubiria neno lingine lolote. Mama alimwomba aache, akakataa. Aliendelea hivyo mpaka ugonjwa ulipomlaza, na hata akiwa amelala alikuwa anauliza jikoni nani ameonja chakula cha mwanawe.

Nilingoja baba avunjike, aende Chini, avuke kijito na kubisha kwa Rebeka. Kila asubuhi nilidhani ni leo. Hadithi zenu za kanisani ndivyo zinavyoisha, mzee anakemea, mtu anatubu, ndugu wanakumbatiana. Baba hakwenda. Tate alipokufa, baba alikuwa anaketi mbele ya sahani yake na kungoja. Mkono unakwenda mpaka kwenye bukari, unarudi. Mama yangu ikabidi aonje. Mama alipochoka, nikaonja mimi. Alizeeka akiwa hivyo, anaogopa chakula cha nyumba yake mwenyewe, na alikufa mwembamba kama mpini. Makemeo ya Tate yalikuwa ya kweli, lakini hayakumponya. Yalimwonyesha tu alivyo.

Na Rebeka? Vita vilipokuja, watu wa Chini walikuwa karibu na mitumbwi, wakavuka kwenda Tanzania. Alizikwa huko, kwenye kambi ya wakimbizi. Tuliambiwa na mtu aliyerudi kufuata samaki.

Umeona sasa kwa nini sikufurahi. Lakini nisingekuchosha na maiti za zamani kama ningeona ninyi ni watu wengine. Ninyi ni wale wale. Mnaungana, naam, lakini semeni ukweli ni kwa nini. Mnaungana kwa sababu mlio wa risasi milimani umeacha viti vitupu. Kanisa la Juu lilikuwa linajaa mpaka watoto wanakaa madirishani. Sasa mbuzi anaingia, anatembea katikati ya mabenchi, anatoka bila kumgusa mtu. La Chini limebaki na wajane na mabati yanayovuja. Hamjapendana, mmepungua tu, na watu waliopungua wanakaribiana kwa sababu ya baridi. Sikatai, hata hiyo ni sababu. Watu wengine wameanza kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini juzi nimetembelewa. Kule Chini yupo Mapendo, kiongozi wa bamama wao, mwanamke aliyerudi kutoka ng'ambo na watoto wake. Ninyi wa kamati mnamjua kama mwoka mikate. Mimi namjua kama binti ya Rebeka. Alikuja, akaketi hapo ulipoketi wewe, akaniambia, "Mama mudogo, bameniambia siku ya Meza mukate yetu ibakie ku upande yetu, na bao balete yabo. Banasema ni juu ya kolera."

Nikamuuliza, "Na weye unasema nini?"

Akasema, "Mi sisemi kitu. Lakini ku soko ya Baraka banakulaka mandazi yangu kila siku. Habajue tu ni yangu."

Kipindupindu ni cha kweli, mwanangu, usidhani mimi ni mzee anayebishana na waganga wa hospitali. Kimetuulia watu, na kunawa mikono kwa sabuni ni jambo jema, fanyeni hivyo wote. Lakini kipindupindu hakijui kijito kile. Kama mngesema kila mtu aje na mkate wake, Juu na Chini, ningewaelewa. Mmesema mkate wa Chini uliwe na Chini na wa Juu uliwe na Juu, kanisa moja, chini ya paa moja, kwa wimbo mmoja. Hilo mimi nimelisikia zamani. Baba yangu alilisema kwa maneno mawili na alikuwa mkweli kuliko ninyi, kwa sababu hakusingizia ugonjwa.

Mapendo aliniuliza jambo lingine kabla hajaondoka. Aliniuliza kama mama yake aliwahi kuniambia alijisikiaje siku ile. Nikamwambia hakuniambia kamwe. Akatikisa kichwa. Akasema mama yake huko kambini, mpaka mwisho, alikuwa hawezi kumpa mtoto wake hata kiazi bila kukionja kwanza mwenyewe, na watoto wake hawakujua kwa nini, walikuwa wanamcheka. Sikujua hilo, mwanangu. Miaka yote hii nilidhani ugonjwa ule ulibaki kwa baba.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine, wala sina tumaini kubwa kwamba mtaishika. Msianze na Meza ya Bwana. Meza hiyo ni ya mwisho, ninyi mnaifanya ya kwanza kwa sababu ni ya heshima na ina picha. Anzeni na bukari. Vuka kijito siku ya kawaida, siku ambayo hakuna mchungaji wala korali, ingia nyumba ya mtu wa Chini saa ya chakula, nawa, keti, kula kilichopo. Usiangalie nani ametangulia kuingiza mkono. Usiagane nao ukaenda kunywa dawa ya kienyeji nyumbani kwa siri, maana nawajua. Rudi tena wiki nyingine. Na akija kwako mtu wa Chini, wewe onja bila kuombwa, ufurahi kuonja, akae akijua hana cha kukuomba. Fanyeni hivyo msimu mzima, nyumba kwa nyumba. Mtakapokuwa mmekula hivyo hata mmesahau kuangaliana, ndipo muitane kanisani, na mkate aoke Mapendo, mkate mmoja wa watu wote.

Na kama siku hiyo mtu atasimama aseme aonje kwanza, usiangalie miguu yako. Usimngoje mchungaji, usimngoje mzee, usiniangalie mimi. Nyoosha mkono, mega, tia mdomoni. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa, wewe hasa, na ndiyo sababu nimekuita peke yako.

Mkiona hamwezi, basi acheni. Nasema kwa moyo wote, acheni. Bakini makanisa mawili, msalimiane njiani, mchimbiane makaburi kama tulivyochimbiana. Ni huzuni, lakini ni huzuni tunayoijua na tunaishi nayo. Kuwaweka watu pamoja ili waogopane kwa karibu ni kuwaongezea. Mimi sitaketi mbele kwenye meza yenye mikate miwili. Mwambie mwenyekiti wa kamati nimesema hivyo, na mwambie kikwembe akampe mtu mwingine.

Sasa sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zako akulinde na risasi na kipindupindu, akupe mke mwenye kucheka, akujazie nyumba watoto na wageni. Akuondolee ile hofu uliyorithi kwetu, kwa maana sisi tulishindwa kuiondoa. Na akufanyie hili moja, mwanangu, ninaloliomba kwa ajili yako kuliko mengine yote: asije mtoto wako akasimama mbele ya watu akitafuna polepole, ili wewe umwamini. Amina.